Kuume ya Kanisa

Huyu Jessica wa parokia amekuja kwangu mara tatu, na kalamu yake na karatasi yake, akisema, mama, andika habari ya Berthe, watu wasije wakamusahau. Nikamujibu: mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, na hata lile la tatu nilifukuzwa kwa kubishana na mwalimu, ambaye alikuwa amekosa. Andika wewe mwenye diplome. Akasema hapana, wewe ndiye, njo wewe ulikuwa pale. Ni kweli nilikuwa pale. Lakini kuwa pale si kazi. Mbuzi pia walikuwa pale. Basi ninaandika, na nitaandika vile ninasema, na mwenye kutaka kusahihisha asahihishe kaye ya shule ya mutoto wake.

Berthe alizaliwa Kilwa, ngambo ya ziwa, upande wa Kongo. Alivuka ziwa mara moja tu, alipokuja kuolewa na Kabamba huku Kashikishi, na siku ile alijifunika kitenge usoni toka kupanda bwato mpaka kushuka, kwa sababu hakutaka maji yamuone. Hivyo njo alivyosema mwenyewe: maji yasimuone. Walipofika Kabamba akamuambia, "Fungua macho, tumefika." Akauliza, "Uko na hakika?" Akafungua jicho moja kwanza.

Toka siku ile aliishi hatua hamsini toka ziwani, na maji hayakumupita kifundo cha muguu. Alikula samaki ya ziwa, alikausha samaki ya ziwa, alilala akisikia ziwa, lakini kuingia ndani, hapana. Alisema alishaliona ya kutosha siku ile ya kitenge.

Kabamba alikufa mwaka wa tisini na tano. Aliacha nyumba ya vyumba viwili na jiko nyuma yake, akaacha wavu ya vipande sita vilivyoshonwa pamoja, na akaacha mudogo wake Patson. Nyumba na wavu Berthe alichukua. Patson alimuacha. Ukoo ulikaa chini, ukasema ni desturi, mujane apokelewe na mudogo wa marehemu. Berthe alisikiliza mpaka mwisho, mikono kwenye mapaja, kisha akauliza Patson mwenyewe iko na wavu ya vipande ngapi. Wakasema vine. "Na vine vimepasuka," mutu mumoja akaongeza. Berthe akasema, "Wavu ya vine itameza ya sita namna gani?" Watu walicheka mpaka wazee wakasahau wamekuja kufanya nini. Patson hakucheka. Alijibu jambo moja, na alilijibu kwa sauti ili wote wasikie: "Mulamu, shemeji yangu, siku ile wavu itapotea, utakuja kupasua samaki kwangu, chini ya mabati yangu, pamoja na wale wanawake wengine wa kibarua."

"Siku utaniona pale na kisu," Berthe akasema, "unizike pale pale."

Wote tulisikia. Na hapa kwetu maneno kama yale hayaozi. Yanakauka kama samaki, yanangoja.

Basi wavu ilikuwa ya Berthe, lakini mikono ilikuwa ya Levy, muvuvi wa hapa hapa, mutu mwema, muvivu kidogo kama wavuvi wote. Berthe alijua wavuvi. Wengine wanatupa wavu karibu na majani ili wapate kulala, kisha wanarudi wakisema samaki wamekwenda Kongo. Ndiyo maana kila Levy aliporudi, mbele ya kula, alisimama kwanza kwenye mulango ya jiko na Berthe akamuuliza. Nyimbo ngapi? Yaani umepiga kasia ukiimba nyimbo za kanisa ngapi toka pwani mpaka mahali pale. Pima ngapi? Pima ni kamba sawa na mikono miwili ikinyooshwa. Kanisa iko upande gani? Chini kuna nini?

Na kwa swali ile ya mwisho hakuamini hata mudomo wa Levy. Kila mara alibandika donge ya bukari, ule ugali wetu, chini ya jiwe la ile kamba ya kupimia, ili Levy akilishusha, chini ya ziwa ing'ate ile bukari, na kitu kikwame pale. Levy alipaswa kurudisha jiwe bila kulisafisha. Berthe alilinusa.

"Mama, mi ni muvuvi," Levy alisema, "si mushitakiwa."

"Jibu."

Majibu hakuyaandika, maana kuandika hakujua sana. Aliyaweka kwenye ukuta ya jiko. Mustari ya makaa kwa kila wimbo, mustari mufupi kwa kila pima, alama ya kanisa, na mwisho alichukua matope yenyewe kwenye bukari, akayapaka ukutani kwa kidole gumba. Miaka inne. Ukuta ulijaa vidole gumba: vyeusi, vya kijivu, vyeupe vya muchanga, vingine na ganda ya konokono ndani yake. Pembeni ya kila kimoja, ncha ya mukia wa samaki aliyepatikana pale. Wanawake tulisema Berthe analoga. Yeye alisema anachunga.

Mwaka wa tisini na tisa, vita ikiwa inawaka kule ngambo, watu wa Kongo walivuka wengi. Kati yao mwalimu Mulumba, mutu murefu mwenye shingo kama ya korongo, aliyekuwa akifundisha hesabu kule Moba. Alifika na viatu vya ofisi, na kaye saba, yaani madaftari, amezifunga ndani ya plastiki mbili. Nguo hakuleta. Mama yake alikuwa mutu wa Kilwa, basi Berthe akamupa kulala kwenye jiko, na mchana akampa kisu. Alipasua samaki kwa namna ambayo sijaiona tena. Mutu wa kawaida anafungua samaki mgongoni, inalala wazi kama kitabu. Ya Mulumba ilifunguka kama mutu aliyeanguka toka kwenye muti.

Siku moja aliacha kisu hewani, akasimama mbele ya ukuta.

"Maman, hii ni nini?"

"Ukuta."

"Hizi alama."

"Ziwa."

"Ziwa iko inje, maman."

"Inje ni maji," Berthe akasema. "Ziwa iko hapa. Pasua samaki."

Hakupasua. Aliuliza mustari huu ni nini, na huu, na kidole hiki, na Berthe akamujibu kwa sababu miaka inne hakuna mutu alikuwa amemuuliza yeye kitu. Mwisho Mulumba akakaa juu ya beseni iliyopinduliwa, akasema kwamba ile njo kazi yake mwenyewe, alianza kule Lubumbashi kwenye chuo, imekamata miaka sita, na haijaisha.

"Kazi gani?"

"Hesabu."

"Hesabu ya nini?"

"Ya mishale."

"Unapiga nani?"

"Hakuna mutu, maman. Mushale ni njia tu, ya kutoka kitu kimoja kwenda kitu kingine. Wanaiita nadharia ya kategoria. Haufungui tumbo ya kitu kuona kuna nini. Unaangalia mishale yenye kuingia kwake na yenye kutoka."

"Ndiyo maana unapasua samaki vile."

Alikubali kwamba labda. Kisha akaeleza, na mimi nilikuwa kwenye mulango na ungo yangu, nilisikia yote, na yale niliyoyashika ninayaandika. Alisema hesabu iko na nyumba mbili. Ya kwanza ni jiometri: unaangalia kitu, umbo yake, iko wapi, iko karibu na nini. Ya pili ni aljebra: hauangalii. Unafunga macho. Unauliza tu, unapata namba, unajumlisha, unazidisha.

"Kufunga macho minajua," Berthe akasema.

"Voilà. Levy iko na ziwa ya jiometri. Weye uko na ziwa ya aljebra. Zamani walifikiri ni maziwa mbili. Kumbe ni moja, inaingiliwa na milango mbili. Ukinipa umbo yote, nitakupa majibu yote. Na ukinipa majibu yote, na namna yanajumlishana, nitakujengea ile umbo tena, bila kulowana."

"Bila kulowana." Lilikuwa neno la kwanza la Mulumba lililomupendeza.

"Mahali ni nini, maman? Mahali ni majibu yake yote. Mahali mbili zikijibu sawasawa kwa kila swali, si mbili tena. Ni moja."

"Na zikijibu tofauti?"

"Hata kwa swali moja tu, basi ni mbili."

"Shika hayo maneno yako," Berthe akasema.

"Lakini jambo moja tu." Hapo Mulumba alinyoosha kisu kama fimbo ya mwalimu. "Ukitoka nyumba ya jiometri ukaingia ya aljebra, mishale inageuka. Levy anatoka huku, anaenda kule. Lakini swali ya kule inakuja huku. Yeye anaenda, pima inarudi. Kila mushale yenye kuangalia mbele, ukivuka, inaangalia nyuma. Ukisahau kuigeuza, kila kitu inaharibika. Hizi kaye saba zote ni juu ya kugeuka kule."

"Saba?"

"Saba."

"Chapati pia inageuzwa," Berthe akasema, "na hakuna mutu anaiandikia kaye saba."

Mulumba alirudi kwenye samaki yake. Ilikuwa haifanani tena na samaki.

Ikafika mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Kila mutu wa hapa anajua: mwezi wa kumi na mbili ukianza, ziwa linafungwa miezi mitatu, samaki wazae, na wavu ikikutwa majini inachukuliwa na mwenyewe anafuata. Zilikuwa zimebaki siku tano. Levy alitupa wavu kwa mara ya mwisho, akarudi akitetemeka, homa imemukamata. Ile siku hakusimama kwenye mulango ya jiko. Alilala. Na pepo ikaja, ile ya mwezi wa kumi na moja ambayo haipigi hodi, na asubuhi tukakuta vidumu vyote vya plastiki vilivyokuwa vinaelea juu ya wavu vimekatika, vimetupwa pwani, sita, kimoja hakina mufuniko.

Wavu ilikuwa chini ya maji na hakuna kitu juu ya kusema iko hapa.

Wakati ule ule wanamupakia Levy kwenye kinga, ile baisikeli, kumupeleka kliniki, na kutoka kule kwenye gari mpaka Mansa hospitali. Mutu anasukuma, mutu anamushika mugongo, na Berthe anatembea pembeni.

"Nyimbo ngapi?"

"Mama, nakufa."

"Mbele ya kufa. Nyimbo ngapi?"

"Tano."

"Pima?"

"Ine."

"Chini kuna nini?"

"Matope meusi. Konokono. Mama, mukwai, nakuomba, niache."

"Upande gani?"

"Kuume ya kanisa," Levy akasema. "Kuume." Kisha akatapika, na majibu yakaisha.

Sasa sikia namna ya kanisa yetu. Inakaa pwani, mabati yake yanaonekana mpaka mbali. Ukitoka mulango ya Berthe ukaangalia maji, kanisa iko mukono wako wa kuume, upande wa kwenda Chiengi. Nyumba ya Berthe iko upande wa Nchelenge. Miaka yote alisema hivi: nyumba yangu iko kushoto ya kanisa. Hata barua za kaka yake toka Kilwa zilikuja zimeandikwa hivyo.

Basi alisimama pwani, akaangalia maji, akanyoosha mukono wa kuume kupita kanisa, akaonyesha kule. Katongo, muvuvi mwingine aliyekuwa na bwato, akaangalia ule mukono, akasema sawa. Katongo ni mutu anayesema sawa. Mulumba akaketi chini na kaye ya saba, akachora pwani, akachora kanisa, nyimbo tano, pima inne, akaweka msalaba. Ilikuwa mchoro muzuri. Mimi mwenyewe niliusifu.

Siku ya kwanza walikwenda Katongo na Mulumba, na chuma yenye meno ya kuburuta chini, na jiwe na bukari. Nyimbo tano, Mulumba aliziimba mwenyewe, hajui kuimba. Pima? Ine, sawa kabisa. Waliburuta mpaka jua la saa nane. Hakuna. Jiwe likarudi kwa Berthe bila kusafishwa. Akalinusa.

"Ni muchanga," akasema. "Mweupe."

"Pepo imesogeza muchanga, maman."

"Na konokono nao wamesogea?"

"Mchoro inaonyesha ni pale."

"Mchoro yako inanuka nini?"

"Karatasi hainuki kitu."

"Njo shida yake," Berthe akasema.

Siku ya pili vile vile. Muchanga. Siku ya tatu walipanua, wakaenda nyimbo sita, wakarudi inne, Mulumba amebabuka pua na mikono, na bukari ikarudi nyeupe kama ilivyotoka kwenye sufuria. Berthe hakula siku ile. Alikaa jikoni akiangalia ukuta. Ninamujua Berthe: alikuwa na hofu, na mutu mwenye kiburi akiwa na hofu anafagia. Alifagia jiko mara inne.

Patson akaja. Hakuingia, alisimama inje na mikono nyuma, kama mutu anayekagua nyumba atakayonunua.

"Mulamu, mwashibukeni."

"Tumeamuka."

"Minasikia munavua muchanga."

Berthe akafagia kuelekea miguu yake.

"Nimenoa kisu kimoja," Patson akasema. "Kidogo. Ya mukono wa mwanamuke. Kinangoja tu. Hakuna haraka, mulamu. Hata kesho kutwa."

Akaenda zake polepole. Mulumba akatoka nyuma ya jiko na kaye yake, akaanza, "Maman, kama tukichukua tena mchoro…"

"Mwalimu." Berthe alisimamisha ufagio. "Ulisema mahali ni nini?"

"Majibu yake yote."

"Na kama jibu moja tu inakataa?"

Mulumba akafunga kaye yake.

"Jibu, weye si mushitakiwa."

"Basi si mahali ile," akasema.

"Siku tatu ninakuambia si mahali ile, na weye unanionyesha karatasi. Uliandika kaye saba juu ya aljebra, na siku ya kwanza umepata jua, umekimbilia jiometri." Akaegemeza ufagio kwenye ukuta. "Kesho nitaenda miye."

Mimi niliacha ungo chini, nikaenda kuambia majirani. Nafikiri hata kuku walisikia.

Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho. Pwani ilijaa kama siku ya ubatizo, na Patson alikuja na kiti. Berthe alitoka na kitenge chake kichwani, akaingia majini mpaka kifundo, akasimama. Akaingia mpaka goti. Katongo akamushika mukono, Mulumba akashika mwingine, akapanda, akakaa chini katikati ya bwato, akavuta kitenge mpaka kidevuni, na wakatoka. Toka pwani tulisikia nyimbo. Ya Mulumba ilikuwa imepotoka, na chini ya kitenge Berthe alikuwa anamusahihisha.

Hii inayofuata niliisikia kwa Katongo, na baadaye kwa Berthe, na wote wawili walisema sawasawa, basi ni kweli.

Wimbo wa tano ukaisha. Katongo akasema, "Tumefika, mama. Ni hapa tulikuwaka tunatafuta."

"Una hakika?"

"Ndiyo."

Berthe akafungua jicho moja. Kwa bahati uso wake ulikuwa umeelekea nyumbani, maana hakutaka kuangalia maji. Akaona pwani. Toka kuzaliwa kwake hakuwahi kuiona pwani ya Kashikishi kwa mbele. Akaona mabati ya kanisa. Akatafuta nyumba yake pale anapoijua, kushoto ya kanisa. Kushoto palikuwa na miti na njia ya Chiengi. Akafungua jicho la pili.

"Nani amehamisha nyumba yangu?"

"Mama?"

"Nyumba yangu iko kushoto ya kanisa. Ninaona iko kuume."

Katongo aliangalia pwani, akaangalia Berthe, kuona kama jua limemupiga. "Mama, nyumba yako ni kuume ya kanisa. Sisi benye maji tunasemaka hivyo. Tunarudi, kanisa inatuangalia, kuume ni kule, kwako. Wavuvi wote."

"Levy pia?"

"Levy ni muvuvi."

"Na siku tatu unatuleta huku!"

"Mulinionyesha mukono," Katongo akasema. "Nilifuata mukono. Hakuna mutu aliniuliza neno."

Hapo Mulumba akafanya kitu ambacho Katongo hajakielewa mpaka leo. Alijipiga paji la uso kwa kaye ya saba, mara moja, mara mbili, mpaka bwato likayumba na Berthe akamushika shati.

"Mishale!" alisema. "Miaka sita ninaandika, ukivuka toka huku kwenda kule, geuza mushale. Geuza mushale! Kila ukurasa! Na miye nimekaa ndani ya bwato siku tatu, nimesahau kuigeuza."

"Kaa chini," Berthe akasema. "Utatulowanisha."

Akakaa. Kisha, kwa sauti ya chini, kama mutu kanisani: "Maman. Ukuta yako. Miaka inne Levy alisema kuume na weye uliandika kuume, lakini kuume yake ni kushoto yako. Ukuta wote umegeuka."

"Haujakosa hata siku moja."

"Haukukosa! Njo ile minasema! Umegeuka wote pamoja, basi hakuna alama yenye kugombana na ingine. Ni sahihi yote. Ni ziwa hii hii, imegeuzwa. Shida ni siku tu ya kuvuka."

"Katongo," Berthe akasema, "twende kwangu."

Wakaenda, wakifuata pwani, wakapita mbele ya kanisa, na watu wote pwani wakatembea nao, na Patson akabeba kiti chake. Wakasimama mbele kabisa ya mulango ya Berthe, mbali majini, mahali alipokuwa akitupia macho kila asubuhi akitema maji ya kusukutua. Berthe mwenyewe akabandika bukari chini ya jiwe. Mwenyewe akashusha kamba, akipima kwa mikono yake, moja, mbili, tatu, ine, na jiwe likakaa. Akalivuta. Bukari ilikuwa nyeusi, na ganda ya konokono imesimama katikati kama jino.

Akanusa.

"Ndiyo," akasema.

Mulumba akatupa chuma. Mara ya kwanza hakuna. Mara ya pili Katongo akapiga kasia mara tatu na bwato likakataa kwenda.

Ilichukua mchana wote kuivuta. Vipande vyote sita. Ndani yake samaki, mapale ya siku inne, wamevimba, wamelainika, harufu ikatufikia bwato halijafika. Berthe alirudi amekaa juu ya wavu yake kama mama mukwe juu ya godoro mupya, na kitenge kilikuwa kiunoni. Alisahau kujifunika. Maji yalimuona, naye aliyaona, na hakuna aliyekufa.

Patson alisimama kando ya kiti chake, amejiziba pua.

"Samaki imeoza, mulamu."

"Wavu haijaoza, mulamu," Berthe akasema, akampita.

Kesho yake ziwa lilifungwa. Levy alirudi toka Mansa mbele ya Noeli, amekonda, na kabla hajakaa Berthe akamusimamisha kwenye mulango ya jiko, akamuuliza kuume yake ni ya nani. Levy akasema angebaki tu hospitali.

Mulumba alitaka kusahihisha ukuta, alama moja moja, alishaandaa makaa. Berthe akakataa. Alisema hakuna mutu atagusa kazi ya miaka inne kwa sababu wavuvi wanasema kinyumenyume. Wakabishana siku mbili. Mwisho Mulumba akachora juu kabisa, karibu na paa, mushale moja tu, umepinda, unaangalia nyuma. Akasema ile moja inatosha kwa zote. Wiki iliyofuata alikwenda Lusaka kutafuta shule. Barua ilikuja mara moja: anafundisha, amenunua viatu vingine, na kaye zimekuwa nane. Ya nane inaanza na ukuta.

Patson kile kisu alikitumia mwenyewe.

Berthe alivua na ile wavu miaka mingine mingi, na hakuingia majini tena, alisema sasa ziwa amelihakikisha. Amekufa mwaka jana, kwenye kitanda yake, kushoto ya kanisa. Au kuume. Anayesoma achague amesimama wapi.

Nimemaliza. Sasa ni zamu yako, wewe unayesoma, maana mimi sikushika kalamu siku tisa ili wewe ukae hapo ukitikisa kichwa. Lile jiko bado limesimama, lakini paa imefunguka upande wa Chiengi na mvua ya mwaka huu itaingia. Njoo mbele ya mvua, na karatasi kubwa, uunakili ule ukuta: kila mustari, kila kidole gumba, rangi yake, na mikia. Usisahihishe kitu. Usigeuze kitu. Anza na ule mushale wa juu. Na ukija njoo na sukari, mulango wangu unafuata wa Berthe, nitasimama inje nikuone unafanya kweli.